Tawi la Siku Hamsini

Foleni ya chai ya ghorofa ya tatu haina adabu. Hukukutanisha na yuleyule unayemkwepa. Mwandishi wa miongozo ya mashine za hospitali, blauzi ya buluu imekunjamana mwilini, macho mazito kwa uchovu, aligeuka na trei yake akagongana na mhariri wa timu yao.

Wiki tatu walikuwa hawasemeshani. Si kwamba mapenzi yamekwisha. Laiti yangekwisha, angalau angepumzika! Kisa ni kazi. Mwandishi alikuwa ameandika kwenye tawi lake, nakala ya pembeni, siku hamsini bila kuiunganisha na shina, yaani mwongozo mkuu wa timu nzima. Asubuhi moja akakuta tawi halipo. Aliyelifuta? Mhariri, mpenzi wake. Hakuuliza, alimzimia simu, na leo barua ya kuacha kazi ilikuwa mkobani.

"Umekonda, mpenzi," mhariri alisema.

"Mpenzi wako nani? Nenda kafute huko."

"Umefungua shina tangu siku ile?"

"Nikaone nini? Jina lako juu ya jasho langu?"

"Fungua. Ukimaliza, nitukane."

Aliweka trei kwenye meza ya karibu, akafungua kompyuta palepale, ili tu amkomeshe. Historia ya mabadiliko ikashuka: aya zake zote za siku hamsini zimo shinani, na pale zilipopingana na za wenzake zimepatanishwa moja moja. Mwandishi wa kila aya: yeye. Jina la mhariri halikuonekana hata mara moja. Tawi lilifutwa kwa kuwa halikubakiza kitu.

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka ukute mzigo umetuliwa. Nilipomaliza nilikuwa hoi, nikalala. Naamka, simu yako haipatikani."

"Ulifanya lini yote haya?"

"Jumamosi na Jumapili, wiki tano mfululizo."

Masikini! Na yeye alidhani Jumapili zile anakwepwa. Alimpenda mwanamume huyu, na alikuwa amechoka kumkasirikia.

"Kesho kikao kinaamua utaratibu," mhariri alisema, akijifikicha macho. "Nitapendekeza tawi lisizidi siku mbili kabla ya kurudi shinani."

"Na kununiana?"

"Hata hizo mbili sina nguvu nazo tena."

Mwandishi akaitoa barua mkobani, akaichana vipande vinne, akasogeza trei yake kumpisha.

"Basi nioe," alisema, "tuchoke pamoja."

Mhariri akavuta kiti, akakaa.