Siku ya Jina la Apolonia

Haya nilisimuliwa na mama mkwe wangu, Kazimiera, majira ya baridi nilipokuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza, tukimenya viazi.

Wakati wa vita, Wajerumani walipouteka mji wetu huu wa Warszawa, alikuwa akibeba ujumbe wa jeshi letu la siri ndani ya kikapu, chini ya bitiruti. Cheti chake cha uongo kilisema yeye ni Apolonia. Asubuhi moja tramu imejaa watu, ikafunga breki, bitiruti zikamwagikia miguu ya kondakta. Kondakta huyo ni Zenon, mrefu, kofia kaivaa upande, mashavu mekundu kwa baridi. Akainama kuziokota, akauliza kama hizo nazo zimekata tiketi. Kazimiera, kwenye koti lake lililoshonwa kwa blanketi, akajibu kwamba zinasafiri na mama yao.

Wakazoeana, Zenon akimjua kwa jina la Apolonia tu. Akawa anapiga simu duka la dawa la chini ya nyumba ya Kazimiera, anajifanya anaulizia dawa ya bitiruti zenye kikohozi, mpaka mwenye duka akachoka kupanda kumwita.

Kwetu siku ya kuzaliwa ni ya watoto. Mtu mzima husherehekea siku ya mtakatifu wa jina lake, na wageni huja bila kualikwa. Basi tarehe tisa Februari Zenon akabisha hodi, kanyoa ndevu, ana maua matatu mekundu na sukari kidogo kwenye karatasi. Kazimiera akafungua, mikono imejaa majivu ya jiko.

"Maua ya nani hayo, mpenzi?"

"Ya Apolonia." Tabasamu la Zenon likafifia polepole. "Hakuna mtu anayesahau siku ya jina lake. Wewe ni nani?"

Siku zile vibaraka wa Wajerumani nao walitembea na vyeti vya uongo. Zenon akaweka maua mlangoni, akashuka ngazi.

Amri ya kazi ya siri ilikuwa Kazimiera ahame mara moja, asionane na Zenon tena. Hakuhama. Alitoa kila kitu cha hatari chumbani, akashuka dukani, akapiga simu karakana ya tramu.

"Bwana Zenon, siku yangu ni tarehe nne Machi. Ukitaka, njoo."

Jina hakulitaja. Hapa kwetu nani asiyejua kalenda ya watakatifu? Upande wa pili simu ikakatwa.

Siku ile akatandika meza tangu asubuhi, akashinda akisikiliza ngazi, kama zitapanda buti za askari au za kondakta. Jioni akaja Zenon, peke yake. Akafunga mlango kwanza, ndipo akamwinamia sikioni, akamwita kwa kifupi cha Kazimiera, jina lililo kwenye kalenda siku hiyo.

"Heri ya siku yako, Kazia."

Kazimiera akalia, akacheka, akamchapa na kitambaa cha vyombo kwa kumweka roho juu kutwa nzima. Zenon akasema alikuja kwa miguu ili ajikaze, maana ana neno.

"Nataka nikuoe. Sasa padri nimtajie jina lipi?"

"Mwambie angoje, vita vikiisha atalijua."

"Na mimi?"

"Wewe nimeshakukubali, mjinga wewe."

Saa ya marufuku ya kutoka nje ikamkuta hapohapo. Akala keki, akapitiwa na usingizi kitini, buti miguuni. Kazimiera akamfunika koti lake, akajilaza, akasikiliza ngazi kwa mazoea. Hakupanda mtu. Naye akalala.