Simu Ilipomkataa Mama

Aliyeanza kumkataa Mama ni simu yake mwenyewe.

Aliiinua mbele ya uso kama kila asubuhi, ikatetemeka, ikabaki imefungwa. Akaiinua tena. Ikatetemeka tena.

"Injinia! Njoo uone hiki kidude chako kimeanza ujinga."

Bintiye akatoka chumbani akiburuta kandambili. Jina la Injinia alipewa na Baba siku ya mahafali, kwa fahari. Siku hizi lilikuwa limebaki utani tu. Shahada ya kompyuta, upper second, ilikuwa kwenye fremu ukutani, na kazi pekee iliyokuwa imeleta ni kuunganisha televisheni za majirani na kuwaapia shangazi zake kwamba hapana, simu haijarogwa, imejaa tu picha za maua zenye maneno ya asubuhi njema. Waajiri walitaka experience. Na experience walikuwa wameikalia wao.

"Ni sura yako, Mama. Labda umevimba na usingizi."

"Kuvimba kwangu kunakuhusu nini? Fungua."

Injinia akacheka, halafu akashtuka kwamba amecheka. Nyumba ile ilikuwa imesahau utani. Tangu homa ya uti wa mgongo imchukue Kitinda, mdogo wake wa mwisho, Mama alikuwa amelala akiuelekea ukuta. Alikuwa mpenzi wa kufuma, mtu wa sindano na uzi hata mbele ya wageni; sasa sweta la Kitinda lilibaki kikapuni bila mkono mmoja. Baba alifundisha watu udereva kutwa nzima, akakanyagiwa breki na wanagenzi mpaka shingo ikamuuma, na akirudi alimlisha mkewe uji kwa kijiko. Mtoto hakutajwa. Kisha juzi, jua likiwa la utosi, Mama aliinuka, akaoga, akafagia uwanja akiimba puani. Baba alijifungia jikoni akalia kwa furaha. Nani angeuliza maswali?

"Tunasajili uso upya," alisema Injinia. "Tazama hapa. Geuza kichwa taratibu."

Simu haikusema haimtambui. Iliandika: No face detected. Hakuna uso.

"Ni mwanga," Injinia akasema. Wakasogea dirishani, wakatoka hadi uwanjani. Hakuna uso. Akafungua kamera. Kile kimraba cha njano kinachotafuta nyuso kikamganda Baba aliyekuwa akipita na ufagio, kikaganda hata kwenye picha ya mtoto kwenye kopo la maziwa. Kwa Mama kiliyumba huku na huku, kama mtu anayetafuta swichi gizani, kikazimika.

"Weka namba ya siri tu, yaishe," Mama alisema, akatabasamu.

Mchana uliofuata Injinia alisikia sindano za kufumia zikigongana barazani, ki-ki-ki, akafurahi. Alipokaribia, harufu ikamsimamisha: harufu ya vumbi la moto lililomwagiwa maji, na ndani yake kitu kama unywele ulioungua. Mama alikuwa amepakata sweta la Kitinda. Alikuwa akilifumua. Uzi wa bluu ulimtoka mapajani ukajiviringisha kwenye donge.

"Mama, hilo sweta…"

"Uzi mzuri huu, unaozea kikapuni. Nataka nifume kitambaa cha meza."

"Ni la Kitinda."

"La nani?"

Injinia akamwonyesha picha kwenye simu. Mama akaitazama kwa utulivu, kama mtu anayetazama tangazo.

"Kijana mtanashati. Wa jirani?"

Na wakati huo Injinia akaona kwamba mikono ya mama yake imetulia, mmoja juu ya donge na mwingine juu ya goti, na sindano zote mbili zimelala kikapuni bila kuguswa na mtu, lakini ile sauti, ki-ki-ki, haikuwa imekoma, iliendelea bila haraka, karibu sana, nyuma ya meno ya mama yake, ambaye alikuwa bado anatabasamu.

Baada ya hapo vitu vilianza kumtoka Mama kama nyuzi. Alimsahau marehemu mama yake. Akaisahau harusi yake. Alikuwa anapika, anacheka, anang'ara, na kila siku alikuwa na kitu kimoja pungufu. Hadi mchana mmoja Injinia alipoingia sebuleni, mama yake akasimama kwa adabu.

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

Jioni alimbana Baba kando ya gari la mafunzo, wakinong'ona kama wezi.

"Baba, nimempata mganga. Please."

"Wakati mimi namlisha kwa kijiko, wewe ulikuwa mtandaoni unatuma CV. Leo anacheka, ndiyo unaleta mganga?"

"Hajui jina langu, Baba."

"Na mimi jana kaniita dereva." Baba aliufuta usukani ambao haukuwa na vumbi. "Nikaitika."

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya kukwaruza na viatu vya kazini. Alichoma ubani, akamtazama Mama aliyekuwa akimkaribisha kwa bashasha, kisha akawavuta Baba na Injinia ukumbini.

"Huyu mgeni aliyemwingia hula huzuni. Ya huyu mama kaimaliza, sasa anakula vilivyoizunguka. Akifika mwisho, mtabaki na ngozi inayocheka. Arudishiwe kinachomuuma. Nani alimpa habari za msiba mara ya kwanza?"

"Mimi," alisema Baba. "Na sitampa mara ya pili."

Akaenda akasimama mlangoni, mgongo kwao.

Basi Injinia akarudi sebuleni, akapiga magoti mbele ya kiti alichokalia Mama. "Mama. Kitinda amekufa."

Mama akacheka, kicheko chepesi, kizuri. Harufu ya vumbi la moto ikajaa chumbani. Sauti iliyotoka ilikuwa ya upole kuliko yake.

"Alisema mwenyewe, yeyote anisikiaye anitue mzigo huu. Nikamtua. Ninyi ndio mnamtwisha. Mkatili ni nani kati yetu?"

"Usimjibu," mganga alinong'ona. "Sema yote."

Injinia akasema yote, akilia, akimshika mikono iliyokuwa baridi kama bomba la maji: kwamba Kitinda alirudi akilalamika kichwa na wao wakampa panadol wakamwambia aache uvivu, kwamba usiku hakuweza kuinamisha shingo, kwamba Baba alimbeba mgongoni na kiatu kimoja kikaanguka njiani na Mama akarudi kukiokota kwa sababu aliamini mtoto atakihitaji, kwamba alipofika wodini akiwa amekikumbatia kile kiatu Baba alikuwa ameshatoka nje na hakuwa na haja ya kusema neno, na akalisema, na Mama akauliza, nani?

"Nani?" aliuliza mwanamke kitini.

"Mwanao, Mama."

Mlio wa sindano ukakatika. Mama akafungua kinywa, na kilio kilichotoka kilikuwa kibichi, cha siku ile ile ya kwanza. Akamvuta bintiye kifuani. "Mwanangu," alisema. "Mwanangu, mdogo wako yuko wapi?"

Walikuwa wamempata.

Mganga alipokuwa akifunga mkoba wake, Baba alimuuliza bila kugeuka, "Huyo mgeni kaenda wapi?"

"Hawaendi mbali. Hungoja kuitwa. Msiite."

Kesho yake Mama alilala tena akiuelekea ukuta, akilia, na Injinia alikaa kitandani kwake na bakuli la uji. Baba hakwenda kazini. Alikuwa amesimama uwanjani, jua la utosi, bila kofia, midomo ikicheza. Kupitia dirishani Injinia aliyasikia maneno machache tu, yaliyosemwa taratibu, kama anavyowaambia wanagenzi waachie klachi.

"Mimi pia nina mzigo. Pita."

Injinia akaweka bakuli chini, akakimbilia mlango. Kabla hajaufikia, nje Baba akacheka. Kilikuwa kicheko chepesi, kizuri.

Mama akaacha kulia. Akaruka kutoka kitandani, akamdaka bintiye mkono kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua anazo.

"Usitoke," alinong'ona. "Huyo si baba yako. Hicho kicheko nakijua, mwanangu. Nimekaa ndani yake."