Bakuli la Mti wa Uani

Kila alipotoka shule, Kidoti alipitia karakana ya shangazi yake, fundi wa kukereza mbao. Alifagia maranda chini ya mashine, lakini macho yake hayakuwa kwenye ufagio. Yalikuwa kwenye pande la mti lililozungushwa na mota mpaka kingo zake zikapotea kama moshi. Shangazi aliligusa kwa ncha ya patasi, maranda yakaruka kama utepe, na taratibu pakatokea mguu wa meza au pia ya mtoto wa jirani. Kidoti alisahau hata njaa.

Kabla ya kufunga mti wowote kwenye mashine, shangazi aliugonga kwa kidole na kutega sikio. "Usio na ufa unaitika," alisema. "Wenye ufa unakohoa."

Siku moja jirani yao mshonaji alileta pande la mti uliopandwa uani na marehemu mumewe.

"Ndilo hili tu lililobaki, fundi. Nifanyie bakuli."

Shangazi akaligonga. "Linaitika. Njoo kesho."

Kesho yake Kidoti alimkuta shangazi nje, akipokea mbao. Alitamani kuusikia mwitiko ule mwenyewe. Akalinyanyua pande lile hadi sikioni. Lilikuwa zito, likamponyoka, likagonga chuma cha mashine. Alipoligonga kwa kidole, lilikohoa.

Alichungulia mlangoni; shangazi bado alikuwa nje. Akachanganya gundi na unga wa mbao, akauziba ufa, ulipokauka akausugua kwa msasa. Haukuonekana tena.

Jioni mshonaji alikuja, akaketi kutazama. Shangazi akalifunga pande mashineni.

"Shangazi, hujaligonga," Kidoti alinong'ona.

"Nililigonga jana, mama. Si ulikuwepo?"

Mota ikaanza kunguruma. Uso wa shangazi uliinama karibu na mti.

"Simamisha! Shangazi, simamisha!"

Mashine ikanyamaza. Kidoti akasema yote, machozi yakimtoka. Shangazi akalifungua pande, akaligonga, akaufuata ufa kwa ukucha.

"Lingenipasukia usoni," alisema polepole.

"Basi ndiyo limekwisha?" mshonaji akauliza kwa sauti ndogo.

"Halijaisha. Limepungua."

Shangazi akaikata kwa msumeno sehemu yenye ufa, Kidoti akishikilia upande wa pili. "Haya, ligonge wewe."

Kidoti akaligonga. "Linaitika!"

Mti ukazunguka tena. Ndani yake zikafunguka duara za rangi ya asali, moja ndani ya nyingine, miaka yote ya mti ule ikiwa wazi mbele yao. Bakuli lilipotolewa, lilienea kwenye viganja viwili tu.

Mshonaji akalipapasa muda mrefu. "Nilitaka la matunda," alisema, akifuta macho na kucheka, "lakini matunda huliwa na wageni. Hili litakaa juu ya cherehani, nitie vifungo vyangu."

"Nisamehe, mama," Kidoti alimwambia mshonaji.

Shangazi akamshika bega. "Kuangusha kitu ni bahati mbaya, mkono wowote huteleza. Ila ulipoficha ufa, ulinifunga macho nami nikiwa kazini. Ukikosea, niambie mapema. Nikijua ufa uko wapi, nitaukwepa."

Kidoti akaligonga bakuli kwa ncha ya kidole. Likaitika, sauti nyembamba iliyokawia hewani, na wote watatu wakaisikiliza mpaka mwisho.