Kilo Tatu za Maji

Kila alfajiri, kabla kengele ya misa haijalia, Eulalie aliingia zizini nyuma ya nyumba yao ya mtaa wa Kadutu akiwa na tita la majani ya viazi kichwani. Wanakondoo saba walimlaki kwa kelele na kusukumana, walafi wakubwa wale. Baba yake, Papa Anaclet, alikuwa mwashi, na saa hiyo alikuwa ameshashika njia ya kazini. Kulisha kondoo ilikuwa kazi ya Eulalie, na kuwapima kila Jumamosi pia.

"Shika neno hili," baba alimwambia siku alipofunga mizani kwenye boriti. "Kondoo achinjwe akifika kilo makumi mbili na tano. Asipofika pale, muchinjaji ananunua mifupa. Akipita pale, anakula ya wawili na anaongeza mafuta tu, na mafuta watu wanatupa."

Eulalie alilishika. Lakini majani yalikuwa mbali, na mara nyingi alifika shuleni amechelewa. Mwalimu wake, mtawa aliyeitwa Masera Colette, akamwonya: akichelewa mara moja tena, jina lake litaondolewa kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka. Kila kondoo alikuwa na kilo ishirini na mbili. Majuma matatu yalibaki wafike ishirini na tano, wauzwe, naye apumzike kukata majani! Eulalie alilia peke yake. Alimhurumia baba, aliyerudi jioni mikono imechubuliwa na saruji, akaona aibu kumwongezea mzigo.

Alijua kwamba kondoo akila chumvi hunywa maji bila kipimo. Basi Jumamosi asubuhi alichanganya chumvi kwenye machicha ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, kisha akawawekea ndoo za maji. Baba alipotoka kazini mchana, mizani ilionyesha kilo ishirini na tano.

"Kilo tatu juma moja! Kweli machicha iko dawa!" Papa Anaclet alifurahi, akamwita mchinjaji.

Mchinjaji huyo, ambaye Eulalie alimwita Tonton Lucien, yaani mjomba, alipeleka nyama kwenye nyumba za Wazungu wa mtaa wa Nyalukemba. Alikuja saa ileile na kamba yake. Hakuitazama mizani. Aliweka vidole mgongoni mwa kondoo, nyuma ya mbavu, akabonyeza. Akaenda kwa wa pili, na wa tatu. Uso wake ukabadilika.

"Papa Anaclet, mizani inasema makumi mbili na tano. Mugongo unakatala. Hapa iko mifupa, na tumbo imejaa maji. Unataka kuniibia?"

Papa Anaclet alisimama wima. "Lucien, miaka ine tunatumika kazi pamoja. Mizani anaishika mutoto wangu, na mutoto wangu hasemake bongo, hajue uongo. Naapa mbele ya Mungu."

"Basi mwizi ni wewe. Sitarudi tena hapa."

Lucien alianza kukunja kamba. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Eulalie ilikuwa imefika mwisho. Akinyamaza, baba yake ataitwa mwizi soko zima.

"Papa, ni mimi," alisema. "Niliwapa chumvi wanywe maji."

Papa Anaclet aliketi juu ya ndoo kama mtu aliyefiwa. "Juu ya nini ulifanya hivi?" aliuliza. Eulalie akamweleza habari za shule, machozi yakimtoka. Baba alimgeukia Lucien. "Unisamehe, ndugu yangu."

Lucien alimaliza kukunja kamba. "Nitarudi kisha majuma tatu," alisema.

Lucien alipokwenda, Papa Anaclet alimshika binti yake bega. "Ungeniambia, ningekusaidia. Kuanzia leo majani nitakata mimi magaribi nikitoka kazini, wewe uwahi masomo. Lakini sikia. Kondoo akikosa kilo, tunamuongeza majani na tunangoja. Mutu akikosa ukweli, watu hawamungojee. Leo nimeapa kwa Mungu juu yako, na kiapo kilikuwa cha bongo."

Maneno hayo yalimuuma Eulalie kuliko fimbo.

Baada ya majuma matatu Lucien alirudi, akapapasa migongo, akaridhika. Eulalie alipima mmoja mmoja. Kwa yule wa saba, Lucien aliuliza, "Huyu ni makumi mbili na tano?"

"Hapana, tonton. Nusu kilo inakosa."

Lucien alimtazama, kisha akamfungua yule mwanakondoo kamba, akamrudisha zizini.

"Huyu nitamufuata juma lijalo," alimwambia Eulalie. "Ni wewe njo utanipimia."