Salamu za Mlango wa Chuma

Mvua ikinyesha Kindu, kila nyumba ina kazi yake. Wengine hutoa mabeseni kukinga maji. Wengine husogeza magunia mbali na dirisha. Nyumbani kwa Mama Odile, watu walisalimiana na mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa wa chuma, na fremu yake ya chuma iliingia ndani ya ukuta. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, iliyojengwa zamani za Wabelgiji kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Ilikuwa nyumba imara, lakini bati lake lilivuja. Kuta zikilowa, ukigusa mlango ulihisi kitu kikitembea vidoleni kama sisimizi wanaokimbia. Mgeni aliruka. Mtu wa nyumbani hakuruka. Alisema, "Yambo, Michel. Tumepokea salamu." Kisha akaingia.

Michel alikuwa mume wa Odile. Alipotea wakati wa vita.

Miaka ile treni haikufika Kindu, na mashua za mizigo hazikupanda mto. Chumvi ilipimwa kwa kijiko cha chai. Fyuzi ya nyumba iliungua, na mji mzima haukuwa na duka lenye fyuzi. Odile alikuwa karibu kujifungua. Michel akachomoa njiti moja kwenye gurudumu la baiskeli yake, akaikata, akaiweka mahali pa fyuzi ndani ya kisanduku cha umeme. Balbu ikawaka. Binti yao Sandrine alizaliwa chini ya balbu hiyo.

Sandrine alipokuwa bado mchanga, Michel alipanda baiskeli ile ile kwenda Pangi kutafuta mafuta ya mawese. Baiskeli ilikuwa imepungukiwa njiti moja. Hakurudi. Hakuna mtu aliyeleta habari yake, wala shati lake, wala baiskeli. Kwa hiyo hapakuwa na kaburi. Baada ya muda kulikuwa na mapigano barabarani, na risasi ikapiga ukuta karibu na mlango. Shemeji yake Odile alikandika tundu kwa saruji. Mvua ya kwanza iliyofuata, Odile alishika mlango, na mlango ukamsisimua mkono.

Akaushika tena. Kisha akasema, "Yambo, Michel." Tangu siku hiyo ikawa desturi ya nyumba. Hakuna aliyecheka. Katika vita, watu wengi walibaki na kidogo kuliko hicho.

Sandrine alikua, akaolewa, akazaa mtoto wa kike anayeitwa Divine. Mume wake alikwenda kuchimba madini, naye Sandrine akarudi kuishi na mama yake. Mama na binti waliuza mchele wa Kibombo na samaki wa Lokandu. Divine alienda shule. Akirudi wakati wa mvua, alikimbia moja kwa moja mpaka mlangoni, akabandika kiganja kilicholowa kwenye chuma, akapiga kelele, "Yambo, Koko Michel!" Vidole vikasisimka, akacheka. Koko huitwa babu na bibi vilevile, na kumjua babu yake kulikuwa hivyo.

Zamani umeme wa barabara yao ulikuwa mchache. Ulikuja jioni kidogo, ukawasha balbu kwa rangi ya chai, ukaondoka. Mwaka huu ililetwa laini mpya. Wafanyakazi wa laini walifunga mita nje ya nyumba, wakaunganisha waya, wakaenda zao. Mambo ya ndani hayakuwa kazi yao. Sasa umeme ulikuwepo kila siku, tena wenye nguvu. Mama Odile akanunua friji ya samaki.

Na salamu za Michel zikawa kali.

Siku moja baada ya mvua, Divine aligusa mlango, akarudi nyuma akishika kiwiko. Safari hii hakucheka. Jirani yao Élisabeth alikuwa akipita na ngazi begani. Élisabeth alikuwa fundi wa umeme, aliyesomea kazi hiyo na kuifanya miaka mingi. Akasimama.

"Mutoto amefanya nini?"

"Koko Michel amenipiga," alisema Divine.

Élisabeth akashusha ngazi. Sandrine akatoka, akamweleza habari ya salamu. Élisabeth alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Odile," aliita, "huu mulango unabeba umeme. Niache nizime, nipime nyumba yote. Nyumba ya zamani inapaswa kupimwa kabla ya kuingiza umeme mupya. Muliruka hiyo."

Mama Odile alikuwa amekaa ndani karibu na mlango akichambua mchele. Hakuinua macho.

"Umeme iko ndani ya balbu," alisema. "Pale mulangoni iko bwana yangu."

"Mama!" alisema Sandrine.

"Mama nini? Weye ulikuwa unanyonya. Élisabeth, weye unajua kazi yako, sikatai. Kile kisanduku cha umeme Michel alitengeneza na mikono yake. Ile njo kitu cha mwisho alifanya humu. Muntu asikiguse."

"Na mutoto?"

"Hata miye ninasalimiwa miaka yote. Nimekufa?"

Élisabeth alibeba ngazi yake. Kabla ya kuondoka alimwita Sandrine pembeni. "Ile mushikio ndani ya kisanduku, ukivuta chini, nyumba yote inazimika. Mukono mukavu, viatu vikavu. Muntu akinaswa na umeme, usimukamate. Zima kwanza. Ukimukamata mutakuwa wawili."

Sandrine alimkataza Divine kugusa mlango. Lakini Divine alikuwa amezoea, na katazo la jana mtoto hulisahau leo, hasa mvua ikinyesha na miguu ikikimbia yenyewe.

Juma lililofuata alikuja Papa Moussa, jirani wa upande wa pili, akimvuta mbuzi dume aliyemnunua kwa ajili ya Idi. Alikuwa akipita tu na alitaka mchele. Mvua ilikuwa imeanza. Akapitisha kamba ya mbuzi kwenye bawaba ya mlango, akaifunga, akaingia kwa uangalifu bila vidole kugusa chuma.

"Yambo, Mama Odile. Bwana yako leo sijamusalimia, nina haraka."

"Atakusamehe. Mchele gani? Huu wa punje ndefu?"

"Huu huu. Lakini usinipimie na mawe kama mara ile."

"Mawe ni ya bure, Papa Moussa. Sikuhesabu."

Walikuwa bado wanacheka mbuzi alipolia. Alilia mara moja, sauti fupi. Miguu yake minne ilikuwa ndani ya dimbwi, na ubavu wake uliegemea fremu. Akakauka kama ubao.

Moussa aliruka kumkamata.

"Usimuguse!" Sandrine alipiga kelele. Alikimbilia kisanduku, akavuta mshikio chini. Friji ikanyamaza. Mbuzi akaanguka kwenye maji. Alikuwa amekwisha kufa.

Ndipo Mama Odile alipotazama nje. Divine alikuwa njiani, begi la shule kichwani, amelowa mwili mzima, anakimbia. Mkono mmoja alikuwa ameunyoosha tayari, kiganja wazi. Alikuwa amebakiza nafasi ya chumba kimoja kufika mlangoni.

"Simama!" Mama Odile alilia. "Simama palepale!"

Mtoto akasimama. Hakuwahi kusikia sauti hiyo kwa bibi yake. Mama Odile akatoka mvuani, akamkumbatia katikati ya uwanja, na wote wawili wakalowa.

Papa Moussa alimtazama mbuzi wake, kisha akautazama mlango.

"Miaka yote bwana yako alinigusa vidole tu," alisema. "Leo amebeba mbuzi muzima. Tena hata kumula haiwezekani, hakuchinjwa."

"Nitakupa mwingine."

"Tengeneza mulango kwanza, Mama. Mbuzi nitapata sokoni. Yule mutoto nitamupata wapi?"

Mama Odile alimwambia Sandrine, "Kamwite Élisabeth."

Élisabeth alikataza mtu yeyote kuwasha umeme mpaka kesho. Asubuhi alikuja na vifaa vyake. Kwanza alihakikisha umeme umekatwa kwenye mita. Kisha alipima kwa kifaa chake, ajue kweli haupo.

"Hata miye sijiamini," alisema. "Ninazima, halafu ninapima. Waya iliyozimwa na waya yenye umeme zina sura moja."

Alifungua kisanduku. Ndani palikuwa na kijiti cha chuma, cheusi kwa moto wa miaka mingi. Mama Odile alikitambua mara moja kwa kichwa chake kilichopinda.

"Ya baiskeli," alisema.

"Njo hiyo. Mama, fyuzi ni waya mwembamba sana. Kazi yake ni kuungua. Umeme ukizidi, inaungua yenyewe, nyumba inapona. Njiti haiungui. Ingeungua nyumba, ikabaki njiti."

"Michel alikuwa muntu wa akili."

"Alikuwa wa akili. Wakati ule umeme ilikuwa dhaifu, na muke wake alikuwa anazaa. Hata miye labda ningeweka. Lakini ilipaswa kutoka siku fyuzi zilirudi dukani. Sasa munaitwika friji."

Sandrine aliuliza, "Kama fyuzi ingekuwepo, mbuzi asingekufa?"

"Labda angekufa vilevile. Fyuzi inachunga nyumba isiungue. Kuchunga muntu kuna kitu kingine. Ngoja tuone."

Élisabeth alipanda darini. Alishuka na vipande vya waya vilivyofungwa kwa mpira wa tairi. Mpira ulikuwa umekauka, ukavunjika mkononi kama biskuti. Soketi ya friji aliikuta nyeusi upande mmoja. Kisha akaja mlangoni, akagonga ukuta kwa kisu mpaka akasikia panapolia tofauti.

"Hapa palikandikwa."

"Risasi ilipiga hapo," alisema Mama Odile.

Élisabeth alibandua saruji polepole. Ilitoka, ikaanguka, na ndani yake kilikuwemo kipande cha risasi. Nyuma yake palipita waya. Ganda la waya lilikuwa limepasuka, na shaba imelala juu ya mguu wa fremu, saruji iliyolowa katikati.

"Kukiwa kukavu, saruji inazuia kidogo," alisema Élisabeth. "Mvua ikiingia, umeme unapita mpaka kwenye mulango. Ukigusa, unapita ndani yako kwenda chini."

Mama Odile alitazama tundu. Kisha akayapanga mambo kwa sauti.

"Michel alikuwa ameshaondoka risasi ilipopiga," alisema. "Salamu zilianza mvua ya kwanza baada ya risasi."

Aliokota kile kipande cha risasi.

"Basi hakuwa yeye," alisema. Akaenda kukaa kwenye kiti chake. Akachukua mchele wake wa kuchambua, akasema, "Endelea na kazi."

Kazi ilichukua siku kadhaa. Samaki waliuzwa haraka haraka kabla ya kuharibika. Élisabeth alipitisha waya mpya ndani ya mabomba, mbali na chuma, na Sandrine akatafuta mtu wa kuziba bati. Mahali pa njiti waliweka swichi za usalama. Moja ilikuwa na kitufe.

"Hii inahisi umeme ukitoroka, hata kidogo, inajizima kabla ya kuua muntu," alisema Élisabeth. "Kila mwezi bonyeza hapa. Ikijizima, iko nzima. Isipojizima, niite. Tena niite soketi ikipata moto, bati likivuja juu ya waya, ao muntu akisisimka hata mara moja. Musingoje ya pili."

Mwisho alichimba shimo karibu na mlango, ili apigilie chuma kirefu ardhini. Waya wa ardhi ungetoka kwenye kisanduku, kwenye fremu na kwenye friji, ukashuka hapo. Umeme ukitoroka, ungepata njia yake ya kwenda chini bila kupita kwa mtu.

Mama Odile alikuja na njiti mkononi. Alikuwa ameiosha.

"Weka na hii."

"Haina kazi hapo, Mama."

"Ninajua haina kazi."

Élisabeth alimtazama, akasogea. Mama Odile akapiga magoti, akalaza njiti pembeni mwa shimo. Sandrine alisimama nyuma yake. Papa Moussa, aliyekuja kutazama kazi, akainamisha kichwa. Udongo ulipofunikwa, Mama Odile aliushindilia kwa kiganja, kama mtu anavyoshindilia udongo wa kaburi. Kisha akaosha mikono.

Papa Moussa akainua kichwa. "Élisabeth," alisema, "ukitoka hapa unaingia kwangu. Miye pia nina mulango wa chuma. Na nimefunga nyaya na mpira wa tairi, usiniulize ngapi."

Mvua ilirudi wiki hiyo hiyo. Divine alifika kutoka shule amelowa. Akasimama mbali na mlango, mikono nyuma ya mgongo. Mama Odile aliufungua kutoka ndani, ameshika chuma kwa mkono mzima.

"Koko, mulango unakusalimia?"

"Hapana. Mulango hausalimii muntu."

"Na Koko Michel?"

Mama Odile alionyesha kwa kidevu mahali palipochimbwa, ambapo maji ya mvua yalikuwa yakinywewa na udongo.

"Yeye iko pale. Ukitaka kumusalimia, sema na mudomo."

Divine aligeuka. "Yambo, Koko Michel," alisema. Hakungoja jibu. Aliingia ndani akiacha nyayo za matope sakafuni, na bibi yake akaufunga mlango.