Inchi Moja Upande wa Kulia

Verlyn Stroup alipoingia gereji asubuhi ile na kikombe chake cha kahawa, aliukuta mkanda wa kiti cha abiria garini umefungwa. Jana yake alikuwa ameuacha wazi juu ya kiti, na hilo alilikumbuka vizuri, maana alikuwa ametumia saa nzima akikisugua kifungo chake kwa mswaki. Akaufungua, akajicheka, akasema uzee huo. Kesho yake akaukuta umefungwa tena.

Gereji ilikuwa imeshikana na nyumba, nje kidogo ya mji mmoja wa Indiana, pale lami inapokoma na mahindi kuanza. Humo ndimo lilimokaa gari la mwaka sitini na tisa, milango miwili, boneti refu, mngurumo wa simba. Yeye na mkewe Maribeth walilinunua likiwa kutu tupu, wakaapa kulifufua wakistaafu. Kwenye injini Verlyn alifuata moyo wake: kabureta kubwa, ekzosi mbili, tairi za nyuma pana kupita kiasi. Ndani, aliyeamua ni Maribeth. Alitaka liwe sawasawa na lile walilochumbiana ndani yake, na kiti kirefu cha mbele kisichokatika katikati, ili akae ubavuni kwa mumewe. Kisha saratani ikamchukua kabla rangi haijapigwa. Huu ulikuwa mwaka wa tatu Verlyn akizungumza na spana.

Kiti hicho alikipata vuli iliyopita, kwa mzee Lowell mwenye shamba la magari mabovu. Lowell alimwambia achukue chochote ila kile akiache. Mwanamke mmoja alikutwa amekaa juu yake, amekufa, mkanda umefungwa, na hakuna aliyejua alikuwa akimngoja nani. Tangu hapo hata paka hawakulala ndani ya gari lenye kiti hicho wakati wa theluji. Verlyn hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Rangi ilikuwa ile ile, mshono ule ule wa kiwandani. Mtu mwenye akili zake angelivua kava na sponji akaanza upya, lakini wafufua magari wana msemo wao, kwamba gari hupakwa rangi mara mia ila huwa la asili mara moja tu. Basi hakugusa hata uzi.

Wiki ile ile ya mkanda, gari likaanza kulalia kulia, upande wa abiria. Akapima kutoka sakafuni hadi ukingo wa fenda, bati la juu ya tairi: kulia kumeshuka inchi moja. Akabadilisha springi, ya kushoto akaileta kulia, ya kulia akaipeleka kushoto. Inchi moja, kulia. Akanunua springi mpya. Inchi moja, kulia. Mwishowe akachukua mifuko ya chumvi ya kuyeyushia barafu, ratili arobaini kila mmoja, akaipanga upande wa dereva mpaka gari likasimama sawa. Mifuko mitatu. Ratili mia na ishirini, uzito wa Maribeth kabla hajaugua. Verlyn aliketi juu ya ndoo ya rangi akaihesabu tena ile mifuko.

Alasiri moja ya theluji aliitoa mifuko, akaingia, akashika usukani, na kabla hajavuta pumzi ya pili akasikia springi za kiti zikilia taratibu upande wa pili kama mtu anayejisogeza, na harufu ya maua ya urujuani iliyochanganyika na utamu wa maji ya rejeta ikampanda puani, na kioo cha abiria, ambacho alikuwa amekifuta mwenyewe kikawa kikavu, kikaanza kufanya ukungu kwa ndani, doa dogo likikua na kunywea, likikua na kunywea, mahali pale pale ambapo mdomo wa mwanamke aliyeketi ungekuwa.

"Twende?" sauti ikanong'ona.

Haikuwa sauti ya Maribeth. Verlyn aliijua sauti ya mkewe, na hii haikuwa yake. Hata hivyo machozi yalimtoka, akajibu kwa kunong'ona, "Bado rangi, Maribeth."

Kuanzia siku hiyo alikula chakula cha mchana garini, mikate miwili, mmoja wake, mmoja wa kuwekwa upande wa abiria mpaka uchache. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, alijiambia. Alikuwa na mtu wa kusemezana naye, na hilo lilimtosha.

Mwezi Machi binti yake Janelle, mtoto wake wa pekee, akaja kutoka Arizona. Alilikuta gari limeshapigwa rangi, linang'aa, akashangilia, akaruka kwenye kiti cha abiria. Mkanda ukajifunga wenyewe. Ukakaza. Verlyn aliona midomo ya mwanawe ikigeuka buluu, akaukata kwa kisu cha zulia, na alipokuwa akikata kitu kilimwambia sikioni, bila hasira yoyote, "Hapa ni pangu."

Janelle ndiye aliyemleta Mama Odessa Pruitt, bibi wa kanisa dogo la kando ya reli, aliyezoea kupaka mafuta ya zeituni kila kitu, kuanzia vitanda vya watoto hadi matrekta. Alilizunguka gari mara moja tu, akasimama.

"Ndugu Verlyn, umekipa jina kilichomo humu?"

Verlyn akainamisha kichwa. "La mke wangu."

"Huyu si mkeo. Wala si yule marehemu wa kiti. Huyu ndiye aliyemla."

Walikitoa kiti, wakakipaka mafuta, wakakichoma uani. Kilichukua mchana kutwa kuungua, na moshi wake ulinuka urujuani. Verlyn akapima: pande zote sawa. Mama Odessa alimshika mkono kabla ya kuondoka.

"Kile kilichokuwa ndani ya kiti kitakaa mlangoni siku nyingi kikingoja jina. Usikiite, ndugu yangu. Hata ukiumia vipi."

Aliahidi mbele ya mwanawe, na aliahidi kwa moyo safi. Janelle akarudi kwake. Verlyn akaweka kiti kipya na mkanda mpya, visivyonuka chochote. Alikula mkate mmoja. Gari lilikuwa limekamilika na hakuwa na mahali pa kwenda nalo. Akavumilia siku kumi, na siku hizo zilikuwa ndefu kuliko miaka mitatu yote iliyotangulia.

Siku ya kumi na moja aliingia garini, akaufunga mkanda mtupu wa abiria kwa mkono wake mwenyewe, akalitaja lile jina.

Simu ililia akiwa amepiga magoti kando ya fenda, futi ya kupimia mkononi. Ilikuwa Janelle, sauti yake imechangamka.

"Baba, tunakuja Julai, na watoto. Wanauliza babu atawazungusha lini na gari lake."

Verlyn aliisoma futi mara ya pili. Ndani, kioo cha abiria kilikuwa kimeanza kufanya ukungu.

"Msije, mwanangu," akasema kwa upole. "Gari limejaa."