Kinusi Katika Shamba la Tusekile

Kinusi, kitambo cha serikali cha kunusa mbolea, kilitambaa kwa miguu yake sita kati ya matuta, pua yake ya chuma ikidonoa udongo kama kuku. Kila punje ya mbolea ya ruzuku ilibeba alama ndogo kuliko vumbi, na alama hiyo ilitaja mkulima aliyepewa. Katikati ya shamba la Tusekile kikasimama, kikasema kwa upole:

"Mbolea hii ni ya Subilaga Mwakalinga."

Subilaga, aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya mfereji, aliacha jembe akavuka. Ni kweli, alimgawia jirani yake Tusekile nusu mfuko. Ruzuku ya nyumba ile ilitolewa kwa alama ya kidole cha mume, na tangu mume azikwe, mitambo ya serikali haikumtambua mjane. Angemwacha alale njaa?

Mhandisi Rwiza, aliyekiunda kinusi, alishuka kwenye gari lake la angani.

"Mama, ulimpa au alikuibia? Kama ulimpa, mashamba yenu yote mawili yanafutwa. Kama aliiba, linafutwa lake peke yake."

"Mwanangu, mama yako hakuwahi kuomba chumvi kwa jirani?"

"Mama yangu hayumo kwenye mpango huu. Jibu."

"Mpango gani? Mnatupa kwa mkono mmoja, kisha mnatuletea mdudu wa bati atunuse kama mbwa wa polisi."

Tusekile alitoka kwenye matuta yake, akamsogelea Subilaga. "Sema nimeiba, dada," alinong'ona. "Mmoja wetu avune, tutakula wote."

Subilaga aliomba kimoyomoyo. Amri aliijua tangu utotoni: usimshuhudie jirani yako uongo. Lakini njaa nayo aliijua.

"Aliiba," akasema.

Kinusi kikanyonya mbolea pamoja na miche, shamba likabaki jeupe. Kisha kikafanya jambo ambalo hakuna aliyewaonya juu yake: kikatangaza jina la mwizi katika vipaza sauti vyote vya kata, sokoni, zahanati, hata kanisani.

"Hiyo ndiyo dawa ya wizi," alisema Rwiza, akaondoka ameridhika.

Tangu siku hiyo Tusekile alikaa peke yake kwenye benchi la kanisa, na watu walifunga maghala yao alipopita.

Mahindi yalipokauka, Subilaga alimpelekea gunia. Mlango ulifunguliwa kidogo.

"Weka hapo nje, dada. Mwizi haletewi, huja kuchukua mwenyewe."

"Tusekile, si wewe uliyeniambia niseme?"

"Ni mimi. Nawe ulisema vizuri mno, hata kanisa likaamini."

Mlango ukafungwa. Subilaga aliliweka gunia kizingitini, akarudi kwake bila kuagwa.